Mashua ya Saa Nne: Kosa la Siku ya Kwanza Lamu

Katika ratiba ya siku ya kwanza ambayo vijana wa Kware na mitaa jirani ya Pipeline na Mukuru, jijini Nairobi, huifuata wanapokwenda Lamu kwa fedha kidogo, na ambayo kila mwenye simu amekwisha kuitazama ikirudiwa katika video fupi, uko uamuzi mmoja unaoharibu kazi nzuri yote iliyoutangulia, nao ni kukodi mashua saa nne asubuhi kwenda magofu ya Takwa bila kuuliza hali ya maji. Uamuzi huo ni kosa la wazi, na wala hautokani na uhaba wa fedha, kwa kuwa kuuliza hakulipiwi.

Mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, haukuzungukwa na mifereji iliyochimbwa kama Amsterdam, ambako maji hushikwa kwa malango na pampu yakabaki karibu kimo kimoja mchana na usiku. Mifereji yake ni ya bahari yenyewe. Mbele ya mji upo mlango wenye kina unaoitenga Lamu na kisiwa cha Manda. Kaskazini yake ipo njia nyembamba iitwayo Mkanda, kati ya Manda na bara, ambayo vyombo vya Pate, Siyu na Faza vimeipita tangu zamani kwa kuvizia maji. Na ndani ya Manda limo hori, yaani mkono wa bahari uliojipenyeza nchi kavu katikati ya mikoko, linaloishia karibu na Takwa, mji uliokaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17. Anayetaka kuuona msikiti wake mkuu, na lile kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1682 au 1683, hupitia hori hilo, na hori hilo hufunguka kwa maji kujaa tu.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika, na ndipo ratiba ya vijana inapovunjika. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi saa 24 kidogo, hivyo kilele cha maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku chache zinazofuata, huja bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili katika pwani ya Kenya huweza kuzidi mita 3. Baina ya bamvua na bamvua huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Sasa, katika pwani hii bamvua hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Maana yake ni kwamba mashua iliyokodiwa kwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua, inaelekezwa horini wakati uleule hori linapokauka. Nahodha atashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na atasukuma hadi mkuku uguse tope, kisha abiria watateremka na kukanyaga matope kati ya mizizi ya mikoko, au watakaa juani kungoja bahari irudi, ilhali fedha zimekwisha kutolewa.

Lililo baya zaidi ni kwamba kosa hili hujificha. Siku ya maji mafu, saa ileile ya nne, maji huwa yamejaa kwa kadiri yake, mashua ndogo hupenya, na vijana hurudi na picha nzuri ambazo huwashawishi wenzao waondoke saa hiyohiyo wiki inayofuata, wakati mwezi umegeuza kila kitu. Anayenakili saa ya mwenzake pasipo kunakili tarehe ya mwezi hajajifunza chochote kuhusu Lamu. Nahodha mwenye staha humwambia mgeni angoje alasiri. Lakini mgeni aliyepatana na dalali wa ufukweni usiku wa kuamkia safari huwa hajazungumza na nahodha hata kidogo, na dalali huuza saa inayompendeza mnunuzi.

Inashangaza kwamba kosa hili linafanywa na watu wa Kware. Mkazi wa huko huishi kwa ratiba ya mgao wa maji wa jiji, anajua siku ambayo bomba litatoa maji na siku ambayo atanunua mtungi, na hahamii ploti mpya kabla ya kumuuliza mwenye nyumba habari hizo. Elimu hiyo huiacha nyumbani pamoja na mitungi yake.

Kosa la saa huzaa kosa la fedha. Mashua hukodiwa nzima, abiria awe mmoja au wawe wanane, na kwa hiyo unafuu wake umo katika kuchanga. Lakini asubuhi ya kwanza msafiri hajafahamiana na yeyote wa kuchanga naye, hajasikia bei wanazotozwa wengine, na analipa bei ya mgeni kwa safari ya nusu.

Wasafiri wa kale walijua vyema zaidi kwamba mgeni huanza kwa kuwauliza wenyeji. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta kwamba mashua za wenyeji huifuata merikebu na kila mwenyeji humchukua mgeni wake, na alipoelezwa kwamba mwanachuoni hupelekwa kwanza kwa mtawala wa mji, kabla ya kushika makao, alitii. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na bado aliona visima vilivyo kwenye milango ya misikiti, chombo cha mti cha kutekea, na mkeka mnene ambao watu walipangusia miguu kabla ya kuingia. Msafiri huyo, aliyeitegemea desturi ya mahali kumwonyesha la kutangulia, hana mfano wake katika video za leo.

Mengine ya ratiba ni mazuri: mzigo mwepesi, chumba cha mtaa wa Langoni badala ya kijiji cha Shela, mahamri kwa mbaazi asubuhi. Kuhusu njia ya kufika, safu hii hairudi nyuma katika shutuma yake ya zamani, kwamba reli mpya, ambayo nauli yake ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mnamo Januari 2024, humwacha abiria Miritini, nje ya kisiwa, ilhali reli ya zamani ilimshusha kisiwani. Na anayeendelea kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Lamu, huanza kwa kulipia umbali ambao kwa reli ya zamani asingeulipia.

Asubuhi ya kwanza ilipaswa kuwa ya miguu. Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 iko katikati ya mji. Usita wa Mui, njia kuu, unapita sambamba na ufuko. Katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani mtu hupita chini ya wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, na kuona madaka yenye mabaraza ya kupokelea wageni. Akipotea, afuate mtaro unakoteremkia, kwa maana mji umelalia upande wa bahari na mitaro yake huelekea huko. Akifika ufukoni amtafute nahodha mwenyewe, aulize mwezi una siku ngapi na maji yanajaa saa ngapi, kisha akusanye wenzake. Ikiwa ni bamvua, mashua ya Takwa iondoke baada ya saa nane mchana, maji yakipanda, na igeuze horini punde tu baada ya saa kumi, kabla hayajaanza kuvuta.