Pango la Uhakika Milimani Alps: Nani Hasa Hulilipa?

Tarehe 15 Machi 2020 lifti za kupandisha watelezaji wa theluji zilisimama katika milima yote ya Ufaransa, msimu ukiwa bado haujaisha. Wageni walifungasha mizigo wakarudi makwao. Kwa dunia iliyokuwa imeshaingiwa na Korona, hilo halikuwa jambo la kushangaza. Kilichowashtua maelfu ya watu waliokuwa mbali na milima hiyo, wakiwemo Waingereza na Waairishi wengi, ni barua zilizofuata. Kampuni walizozipangisha fleti zao zilikuwa zimesitisha malipo ya pango. Pierre & Vacances, jina kubwa kuliko yote katika biashara hiyo, ilikuwa mojawapo. Na pango hilo ndilo walilouziwa kwa maneno kwamba ni la uhakika.

Mpango wenyewe ni rahisi kuuelewa. Mtu ananunua fleti mpya ndani ya résidence de tourisme, yaani jengo la fleti zenye samani linaloendeshwa karibu kama hoteli. Sambamba na ununuzi, anasaini mkataba wa kuipangisha fleti hiyo kwa kampuni ya uendeshaji kwa miaka 9 au zaidi. Kampuni ndiyo inayotafuta wageni, kubadilisha mashuka na kupokea funguo. Mwenye fleti analipwa pango kwa vipindi, mara nyingi kila robo mwaka, wageni wawepo wasiwepo, na akitaka anajitengea wiki chache za likizo kwa kukubali pango pungufu. Gérard Brémond aliianzisha Pierre & Vacances mwaka 1967, enzi alipokuwa akijenga mji wa mapumziko wa Avoriaz, na kampuni yake ikaja kuufanya mtindo huu kuwa biashara kubwa: inajenga, inauza fleti mojamoja kwa watu binafsi, kisha inabaki kuziendesha. Mtaji wa majengo unatoka mifukoni mwa wengine.

Serikali nayo iliweka chambo chake. Kwa kuwa jengo ni biashara ya malazi inayotozwa kodi ya ongezeko la thamani, mnunuzi wa fleti mpya hurudishiwa kodi hiyo. Kiwango chake kilikuwa asilimia 19.6 hadi mwisho wa 2013, na tangu Januari 2014 ni asilimia 20. Tuchukue hesabu ya mfano ya mwaka 2008: fleti ya euro 200,000 kabla ya kodi ilikuwa na kodi ya euro 39,200. Mnunuzi alirudishiwa zote. Kwa pango la asilimia 4.5, aliahidiwa euro 9,000 kwa mwaka, au 81,000 kwa miaka 9. Kwenye karatasi ya tangazo, hapo hesabu imefungwa.

Mchambuzi makini hapo ndipo anapoanza. Swali lake la kwanza si pango ni kiasi gani, bali fleti hiyo ingeuzwa bei gani kama isingekuwa na mkataba wowote. Fleti nyingi za Alps ni ndogo kuliko picha zinavyoonyesha. Sebule inageuka chumba cha kulala kwa kukunjua kochi, na watoto wanalala kwenye vitanda vya ghorofa vilivyobanwa kando ya mlango wa kuingilia, mahali ambapo mara nyingi hapana dirisha. Wafaransa wanapaita coin montagne, kona ya mlimani. Sasa tuseme fleti iliyotumika, yenye ukubwa uleule, kijiji kilekile, inauzwa euro 150,000. Tofauti ni 50,000. Zigawe kwa miaka 9, utapata takribani 5,555 kwa mwaka. Kati ya zile 9,000 anazopokea kila mwaka, zaidi ya nusu ni fedha zake mwenyewe zinazomrudia kidogo kidogo. Kinachobaki kama mapato halisi hakifiki 3,500, sawa na asilimia 2.3 hivi ya thamani ya kweli ya fleti, kabla ya gharama.

Wala huo si mchezo wa kalamu tu. Mzunguko wa fedha hizo una jina kwenye vitabu vya mahesabu: fonds de concours, yaani kiasi ambacho mjenzi humpa mwendeshaji ili kumsaidia kulipa pango miaka ya mwanzo, wakati jengo bado halijapata wateja wa kutosha. Mjenzi anazitoa wapi? Kwenye bei ya mauzo. Kwa hiyo pango la mkataba wa kwanza laweza kuwa kubwa kuliko jengo linavyoweza kuzalisha, na hakuna anayegundua mpaka fuko likauke. Lilipokauka, waendeshaji walianza kuanguka. Mwishoni mwa miaka ya 2000 na kuingia 2010, Transmontagne, Quiétude Evasion na Mona Lisa ziliingia kwenye taratibu za ufilisi, na wenye fleti wakaambiwa wachague: pango lipungue au jengo libaki bila mwendeshaji.

Bunge la Ufaransa lilijibu kwa sheria ya tarehe 22 Julai 2009 kuhusu huduma za utalii. Sheria hiyo ilimnyima mwendeshaji wa résidence de tourisme ruhusa ya kuvunja mkataba kila baada ya miaka 3, ruhusa ambayo wapangaji wengine wa biashara wanayo. Jambo la pili halikupigiwa kelele, lakini kwa mnunuzi lina uzito zaidi: mwendeshaji anapaswa kutunza hesabu za kila jengo peke yake, na kuwapa wenye fleti wanaoziomba. Maana yake, anayenunua leo fleti ya mitumba iliyo kwenye mpango huu anaweza kumtaka muuzaji aombe hesabu hizo, aone vyumba vilijaa kiasi gani, mapato yalikuwa mangapi, na pango linalolipwa ni sehemu gani ya mapato hayo. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sehemu inayowaangusha wengi wanaotoka nchi nyingine ni sheria ya upangaji yenyewe. Mkataba huu si wa nyumba ya kuishi. Ni bail commercial, mkataba wa pango la biashara, ambao mizizi yake ni amri ya tarehe 30 Septemba 1953 na ambao leo umo kwenye Sheria ya Biashara ya Ufaransa. Miaka 9 ikiisha, mpangaji, yaani kampuni ya uendeshaji, ana haki ya kuendelea. Mwenye fleti akikataa kuhuisha mkataba, isipokuwa kwa sababu chache nzito, sheria inamtaka amlipe mpangaji fidia ya kuondolewa, ambayo hukadiriwa kwa thamani ya biashara anayoipoteza. Aliyedhani amenunua nyumba ya kustaafia anagundua kwamba ili aingie ndani yake lazima kwanza amlipe mpangaji. Kwa watu wengi wanaosoma mkataba kwa tafsiri ya wakala wa mauzo, aya hiyo moja hupita kimya.

Ulinzi uliopo upande wa pili nao umeonekana. Kesi za pango la Korona zilifika Cour de cassation, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo kwa mashauri ya madai, na tarehe 30 Juni 2022 ikaamua kwamba kufungwa kwa biashara kwa amri ya serikali hakukumwondolea mpangaji wajibu wa kulipa. Novemba mwaka huohuo ikarudia msimamo huo kwa majengo ya utalii. Ushindi ulikuwa wa wenye fleti, ingawa ulikuja zaidi ya miaka miwili baada ya barua zile. Katikati ya muda huo Pierre & Vacances ilikuwa imeshaingia kwenye usuluhishi na wanaoidai mwaka 2021, wenye fleti wakiombwa kusaini mikataba ya nyongeza ya kusamehe sehemu ya pango. Wengi walisaini. Septemba 2022 kampuni ilipata wenye mtaji wapya, Alcentra, Fidera na Atream, na Brémond akaachia uongozi.

Kisa hicho kinaonyesha kitu ambacho karatasi za mauzo hazikisemi. Neno uhakika hapa halimaanishi dhamana ya benki wala ya serikali. Ni ahadi ya kampuni moja, na inadumu kadiri kampuni inavyodumu. Hivyo mpimaji mzuri hufanya kazi ya mkopeshaji kwanza, ya mnunuzi wa nyumba baadaye. Hufungua ukurasa wa kwanza wa mkataba na kutafuta namba ya SIREN, namba ya tarakimu 9 inayoitambulisha kila kampuni ya Ufaransa. Mara nyingine jina kubwa liko kwenye jalada, lakini aliyesaini ni kampuni tanzu ndogo iliyoundwa kwa ajili ya jengo hilo tu, yenye mtaji wa euro elfu chache, bila kampuni mama kuidhamini. Namba hiyo ndiyo inayofungua hesabu kwenye msajili wa kampuni, na ndiyo inayotafutwa kwenye BODACC, gazeti la serikali linalotangaza ufilisi.

Bei nayo ina njia yake. Tangu 2019 serikali ya Ufaransa imefungua bure kumbukumbu za mauzo ya majengo, zinazoitwa DVF. Mtu aliyekaa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat anaweza kuona mtaa, ukubwa na bei iliyolipwa kwa fleti za jirani katika miaka ya karibuni. Hakuna sababu ya kuamini bei ya brosha. Aangalie pia mwinuko wa kijiji. Februari 2024 Cour des comptes, mkaguzi mkuu wa fedha za umma, ilitoa ripoti kali kuhusu vituo vya theluji na mabadiliko ya tabianchi, na mpangaji asiye na theluji hana cha kulipia pango.

Gharama ndogondogo hula kimyakimya. Ipo kodi ya ardhi ya kila mwaka, zipo ada za umoja wa wenye fleti, yupo mhasibu wa kujaza hesabu kwa Kifaransa. Matengenezo makubwa yanayotajwa na kifungu cha 606 cha Sheria ya Madai, kama kuta kuu na paa zima, hayawezi tena kutupiwa mpangaji kwenye mikataba iliyosainiwa tangu Novemba 2014. Mwaka paa linapobadilishwa, mwenye fleti ndiye anayelipa. Uchakavu wa jengo unaweza kupunguza mapato yanayotozwa kodi, na kwa miaka mingi hilo lilikuwa tamu kweli, lakini tangu Februari 2025 uchakavu uliokwisha kukatwa hurudishwa kwenye hesabu ya faida siku ya kuuza. Anayepata mshahara kwa shilingi na kulipa mkopo kwa euro anajiongezea shaka ambayo mnunuzi wa Lyon hana.

Na kutoka? Ile kodi iliyorudishwa haikuwa zawadi. Inatakiwa kubaki ndani ya mpango kwa miaka 20. Fleti ikitolewa kabla, kwa kila mwaka uliobaki hurudishwa sehemu moja ya ishirini. Kwenye mfano wetu, aliyetoka baada ya miaka 9 alitakiwa kulipa 1,960 mara 11, yaani euro 21,560, mbali na fidia ya mpangaji kama ndiye aliyemwondoa. Akiuza fleti pamoja na mkataba wake, deni hilo haliji, ila mnunuzi wa pili naye atakuwa na kikokotoo mkononi na atapima bei kwa pango lililopo wakati huo.

Tarehe ya kuandika kwenye kalenda ni miezi 6 kabla ya mwaka wa 9 kwisha. Mwenye fleti anayetaka kusitisha, au kuhuisha kwa masharti mapya, lazima atume taarifa yake kupitia commissaire de justice, ofisa wa kisheria aliyechukua nafasi ya huissier mwaka 2022. Barua pepe haihesabiki. Akikaa kimya na mpangaji naye akakaa kimya, mkataba unajiendeleza wenyewe bila kikomo, na kuanzia hapo mwendeshaji anaweza kuondoka mwisho wa robo yoyote ya mwaka kwa notisi ya miezi 6.