Nasaba ya Makasha

Kuna watu ambao, wakimwona mtu mzima mwenye akili zake ametoa fedha nyingi kununua kasha lililoliwa na mchwa, au kiti kilichovunjika mikono, au sahani yenye ufa isiyoweza kupakuliwa wali tena, humcheka kwa siri na kusema kuwa dunia imempumbaza, ilhali vyombo vipya vimejaa madukani na bei zake ni nafuu. Kicheko hicho si cha haki, ijapokuwa chanzo chake chafahamika. Mkusanyaji wa vyombo vya kale hufanana kwa nje na mlimbikaji wa mali. Lakini mlimbikaji huridhika anapohesabu, na mkusanyaji huridhika anapojua, na baina ya kuhesabu na kujua pana mwendo mrefu ambao si kila mtu huusafiri. Insha hii yakusudia kumsifu huyu wa pili, na kueleza kwa nini kazi yake yastahiki kutiwa katika orodha ya fani zenye elimu, adabu na amana, hususa hapa pwani ya Afrika ya Mashariki.

Wala mtu asidhani kuwa mapenzi haya tumeyaazima kwa wageni. Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa katika karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani, ambacho ndicho cha faragha ya bibi wa nyumba, ulipambwa kwa chokaa na kujazwa zidaka, safu juu ya safu, na katika zidaka hizo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri, chupa za marashi, mirashi ya fedha na misahafu, kila kitu mahali pake na mwenziwe upande wa pili. Pepo za kaskazi zilileta bidhaa za Bara Hindi, za Arabuni na za Ghuba, na kwa mikono ya wafanyabiashara hao ikafika kauri ya Uchina, ambayo watu wa pwani waliiona kuwa tunu, hata wakaipachika katika kuta za misikiti na makaburi. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948, vigae vya kauri hiyo vilikuwa miongoni mwa mashahidi waliomsaidia kukisia umri wa mji. Na huko Kunduchi, Dar es Salaam, makaburi ya nguzo yangali yakionyesha mashimo ya duara yaliyokuwa yamepachikwa sahani. Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alipoandika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, hakusahau kueleza vyumba vya Unguja vya utoto wake: zidaka zilizojaa bilauri na kauri, vioo, saa, na vitanda virefu vya mti wa thamani ambavyo mtu hakuvipanda bila ya msaada. Baadaye, kauri ya Uchina ilipokuwa adimu, zikaja sahani za Maastricht, Uholanzi, zenye chapa ya Petrus Regout nyuma yake, nazo zikapewa kidaka na heshima ile ile. Basi bibi wa Lamu aliyepanga sahani zake kwa kulinganisha rangi na ukubwa, akajua ipi aliirithi kwa nyanyake na ipi ililetwa na nahodha gani, alikuwa mkusanyaji kamili, na nyumba yake ilikuwa makumbusho kabla serikali haijafikiri kujenga moja.

Katika vyombo vyote vya nyumba hizo, hakuna kinachomfunza mtu kutazama kama kasha. Mengi katika makasha yanayoitwa ya Unguja hayakuundwa Unguja; yaliundwa Surat, Bombay na pwani ya Malabari, kwa mbao za msaji na sesemi, yakapambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, yakaja na majahazi yakiwa yamebeba vitu vya mabaharia, kisha yakaingia majumbani kuhifadhi nguo za arusi, dhahabu, hati za mashamba na udi. Chini yana watoto wawili au watatu wa kuvuta. Ndani, upande mmoja, kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko, na nyuma ya kisanduku hicho aghalabu pana siri ambayo mtoto wa nyumba huonyeshwa akishafika umri wa kuaminiwa. Mwanamke mmoja wa Kiingereza, Sheila Unwin, aliyaandama makasha haya kwa miaka mingi, na kitabu chake juu yake kilitoka mwaka 2006; asomaye kitabu cha namna hiyo huona jinsi kitu kimoja cha nyumbani kinavyoweza kuunganisha bandari za bahari nzima.

Mwenye kujifunza asianze kwa kutazama shaba inayong'aa mbele, kwa kuwa mbele ndiko kulikofanywa kwa ajili ya macho. Aanze nyuma na chini, mahali ambapo fundi hakutarajia kutazamwa. Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono ina mikwaruzo iliyonyooka isiyolingana, na iliyopasuliwa kwa msumeno wa mashine wa duara ina alama zilizopinda kama upinde. Kwa hiyo kasha likinadiwa kuwa ni la karne ya 18, na mgongo wake wote una pinde hizo, hukumu imekwisha kutoka. Kisha ayatazame meno ya pembeni, pale mbao mbili zilipoumana, kwa sababu mkono wa binadamu haukati meno mawili yakalingana sawasawa. Liwapo bamba la shaba limelegea, aliinue kwa upole: mti uliositirika chini yake hauwi na rangi moja na mti uliopigwa na mwanga na kupapaswa na mikono ya vizazi, na ukiwa na rangi moja, bamba hilo limetiwa juzi. Atazame miguu, ambayo katika kasha la kweli huwa imekula unyevu wa sakafu zilizodekiwa siku zote. Atazame njia za watoto, ambazo huwa zimelika zaidi upande uliovutwa kwa mkono wa kuume. Na mwisho aingize pua, kwani kafuri, karafuu na udi huingia katika mti taratibu na kutoka taratibu, ilhali moshi wa kuni na rangi ya chai, ambavyo waghushi huvitumia kuuzeesha mti mpya, hukaa juu juu na kufichuka kwa kitambaa chenye maji.

Kiti cha enzi chahitaji jicho la namna nyingine. Hiki ni kiti cha mpingo, chenye mgongo mrefu uliosimama wima, viwambo vya uzi uliosukwa, njumu za pembe au mfupa, na mahali pa kuwekea miguu, na sifa yake imeshikamana na Lamu, Pate na Siyu, miji iliyokuwa na mafundi waliotajika. Hakikuwa kiti cha kupumzikia; akikaliaye hulazimika kunyoosha mgongo na kutulia, na ndiyo maana kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa taadhima na wenye cheo. James de Vere Allen, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Lamu na ambaye mwaka 1989 ilichapishwa makala yake juu ya viti hivi, alilichukua umbo lake kuwa suala la historia: je, lilitoka kwa Wareno, au Misri, au Bara Hindi, au yote hayo yalikutana mkononi mwa fundi wa Kiswahili akayafanya yake? Mkusanyaji anayekaa mbele ya kiti hicho huingia katika suala hilo, atake asitake. Na akichoka na adhama ya kiti, na ashike marfaa ya kusomea msahafu, iliyochongwa kwa ubao mmoja: fundi ameupasua katikati mpaka kiasi, akachonga vidole vinavyopishana, pande mbili zikafunguka na kufunga pasipo bawaba, wala gundi, wala msumari. Hakuna pambo katika chombo hicho lenye kupita akili iliyokiunda.

Vitu vya kuchezea watoto ndivyo vilivyo adimu kuliko vyote, na sababu yake yafaa kutafakariwa. Mwanasesere wa matambara, kidau cha kuchonga chenye tanga la kipande cha nguo, pia ya kuzungusha, tiara ya karatasi, gari la vifuu: vitu hivi viliundwa kwa gharama ndogo na mapenzi makubwa, na mapenzi ndiyo yaliyovimaliza. Kasha lilihifadhiwa kwa kuwa lilihifadhi mali. Mwanasesere alibebwa, akaogeshwa, akalazwa mchangani, akasahauliwa mvuani. Kwa hiyo kitu cha kuchezea kinachofika mikononi mwetu kikiwa kizima kabisa chatutia wasiwasi, kwani aghalabu ni kile ambacho mtoto hakukipenda au alikatazwa kukigusa, na kile kilichochakaa, chenye kiraka cha nguo ya mama na tanga lililoshonwa mara ya pili, ndicho kilicho na habari. Kadhalika mbao za kuchezea bao, zenye mashimo 32 na kete 64 za komwe, ambazo kingo zake zimelainishwa na vidole vya wazee mpaka hazihitaji msasa. Na zamu ya karne iliyopita nayo imefika: vinanda vya santuri vilivyosikika majumbani siku ambazo mwimbaji Siti binti Saad, mwaka 1928, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, sasa vinatafutwa kwa hamu, na wajukuu wa waliovitupa ndio wanaovinunua.

Lakini jicho peke yake halitoshi. Wanavyuoni wa hadithi hawaridhiki na maneno matamu mpaka wajue isnadi yake, nani alisikia kwa nani. Na chombo cha kale nacho kina isnadi, na kikiipoteza hupoteza nusu ya thamani yake, hata kingekuwa kizuri namna gani. Kwa hiyo mkusanyaji mwema huuliza kabla ya kulipa: kasha hili limetoka nyumba ya nani, mtaa gani, liliingia kwa arusi au kwa deni, nani alilitengenezea kitasa? Huketi na bibi mwenye kuuza, akanywa kahawa yake, akasikiliza, wala hana haraka, kwa sababu ajua kuwa siku ile bibi atakapofariki mlango wa habari hizo utafungwa. Mchuuzi wa mjini, anayenunua vyombo kumi kwa mpigo na kuvichanganya katika ghala moja, hufanya biashara iliyo halali, ila kila kinachopita ghalani mwake hutoka bubu.

Na hapo ndipo ulipo mpaka baina ya fani hii na wizi. Sahani za makaburi zilizokatwa kwa patasi, zikavunjika nusu yake zikiwa zinatolewa, na nusu iliyosalia ikauzwa. Milango ya nakshi iliyong'olewa usiku katika nyumba za warithi wasiopatana. Na vigango vya Wamijikenda, ambavyo husimamishwa kwa ajili ya wazee waliokufa na ambavyo havikuwahi kuwa mapambo, vikaibiwa vijijini, vikauzwa kwa watalii na wenye maduka, vikafika Marekani vikasimama katika kumbi za makumbusho, mpaka baadhi yake vikarudishwa Kenya baada ya juhudi kubwa: yote hayo yalitendeka kwa sababu kulikuwa na wanunuzi wasiouliza. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na zote mbili zimeweka masharti ya kutoa vitu vya kale nje ya nchi. Lakini sheria humkuta mwizi bandarini, ilhali suali la mnunuzi lingemzuia asiondoke nyumbani kwake.

Baada ya kununua kwa haki, imebaki kazi ya kutunza, na humu ndimo wengi wanamopotea kwa nia njema. Hulisugua bamba la shaba kila Ijumaa mpaka nakshi zikafutika. Huupaka mti vanishi nzito mpaka ukang'aa kama kiatu cha askari. Hubadilisha kitasa cha kale kwa kufuli la dukani. Mtunzaji mwenye hekima hujiuliza kile ambacho chombo kilizoea kutendewa kilipokuwa kazini. Viwambo vya kiti cha enzi vilisukwa upya kila uzi ulipochakaa, basi kuvisuka tena ni kuendeleza ada yake. Bali mkwaruzo wa mezani, alama ya birika la moto na jina la mtoto lililochongwa kwa kisu chini ya ubao ni maandishi, na asiyejua kusoma asiyafute.

Kwa haya yote, nathubutu kusema kuwa ukusanyaji wa vyombo vya kale ni mafunzo ya uadilifu. Humfunza mtu subira, kwa kuwa kitu chema hakiji kwa kuitwa. Humfunza kutoamini sifa mpaka atazame nyuma na chini. Na humfunza kuwa yeye ni mshikaji wa muda, kwani kasha lililowazika wenye nyumba watatu litamzika na yeye. Basi mwenye kukusanya, hata akiwa na vyombo vitatu tu, na achukue karatasi, aandike kwa kila kimoja alikokipata, aliyempa, alichosimuliwa, na kilichotengenezwa kwa amri yake, aitie saini na tarehe, na karatasi hiyo aiweke ndani ya kasha, mle kwenye siri. Warithi wake wanaweza kuuza au kugawana watakavyo, na hilo ni haki yao; lakini kila kitakachotoka nyumbani humo kitatoka na nasaba yake, na huo ndio urathi ambao mkusanyaji ameuongeza katika mali ambayo yeye mwenyewe hakuiunda.