Video ya bakteria: tamu, ila inaishia njiani

Kama hujaiona ile video ya mwaka 2016 ya Michael Baym, Roy Kishony na wenzao, itafute. Ni dakika 2 hivi tu. Sahani ya maabara, futi 2 kwa 4, imegawanywa kwa kanda. Pembeni hakuna dawa. Kuelekea katikati dawa inapanda mara 10, mara 100, mpaka mara 1,000. Bakteria aina ya E. coli wanapandwa pembeni. Kila mpakani wanakwama, halafu mmoja anapenya na uzao wake unatapakaa. Siku 11 hivi, wako katikati. Miongoni mwa dawa walizojaribu ni trimethoprim, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye Septrin unayoijua.

Kwa kufundishia, ni kazi safi. Inazima ile kauli ya mtaani, "mwili wangu umeshazoea dawa." Hebu angalia: pale hakuna mwili wa mtu! Waliobadilika ni bakteria. Na wala hawajifunzi. Makosa ya kunakili DNA hutokea ovyo tu. Dawa inafyeka wengi, mwenye kosa la bahati anabaki na kuzaana.

Lakini nina malalamiko mawili. Kwanza, ukiitazama utadhani ni mbio ambazo hodari ndiye hutangulia. Kumbe utafiti wenyewe ulikuta baadhi ya wenye usugu mkubwa zaidi wamezibiwa njia na ndugu zao waliowahi mbele. Walipohamishiwa mbele, wakakua.

La pili ni zito. Kwenye video usugu unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, basi. Hospitalini bakteria hupeana pia jeni kupitia plasmidi, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhama hata kwa bakteria wa aina nyingine. Mwaka 2009 wanasayansi waliripoti jeni ya NDM-1 kwa mgonjwa wa Sweden aliyewahi kulazwa India: ilikuwa kwenye Klebsiella, na pia kwenye E. coli wa mgonjwa huyohuyo.

Sasa fikiria anayemeza antibayotiki kwa mafua. Mafua yanaletwa na virusi, kwa hiyo dawa haiyagusi. Inachofanya ni kuwachuja bakteria wa tumboni, wasio na kosa lolote, na wanaobaki wanaweza kumpa jeni yule atakayekulaza wodini kesho. Hilo video haikuonyeshi.

Itazame, mwonyeshe na jirani. Ila ikiisha, msimulie habari ya plasmidi.