Sare Iliyofichwa

Filamu ya Searching for Bobby Fischer, ya mwaka 1993, niliitazama kwanza kwenye mkanda wa kuazima, mwanangu wa miaka tisa akiwa ubavuni pangu. Mwisho wake tuliushangilia sote wawili. Leo siushangilii tena.

Waliyoiona watakumbuka. Mtoto Josh anacheza sataranji na Jonathan Poe, mchezo wa mwisho wa mashindano ya kitaifa ya watoto. Anaiona njia ya ushindi, hatua nyingi mbele. Badala ya kuishika, anamnyoshea mwenzake mkono wakubali sare. Poe anakataa kwa dharau. Basi askari wa pande zote mbili wanakimbilia kuwa malkia, na malkia wa Josh anamla wa mwenzake. Huruma imeonyeshwa, na kikombe kimepatikana vile vile! Mwongozaji, Steven Zaillian, hakutaka mtoto wake apoteze hata kimoja.

Yaliyotokea kweli ni mengine. Fred Waitzkin, baba yake Josh, ndiye aliyeandika kitabu cha mwaka 1988 kilichozaa filamu hiyo. Mwanawe alikutana na Jeff Sarwer, mtoto wa Kanada, mwaka 1986, na mchezo wao uliisha sare. Mwaka uo huo Sarwer akawa bingwa wa dunia wa watoto wa chini ya miaka 10. Mtoto huyo ndiye aliyegeuzwa Poe, mkavu wa uso, akawekwa pale ili ashindwe.

Sisemi filamu ni mbovu. Pale wazazi wanapofungiwa chini ya jengo ili watoto wacheze kwa amani, nilicheka sana. Sikujua kuwa nacheka nafsi yangu.

Miezi michache baadaye mwanangu aliingia mashindano ya shule. Nilikuwa nimesimama mlangoni, jasho likinitoka kana kwamba nacheza mimi. Akanijia mbio: "Baba, tumetoka sare! Tumebaki na wafalme watupu!" Mpinzani wake alikuwa binti mdogo kuliko yeye. Nami, kichwa kikiwa bado kimejaa yule malkia wa Josh, nikamwuliza, "Mbona hukumshinda?"

Hakunijibu. Alirudi mezani, ambako yule binti alikuwa amekwisha kuanza kuzipanga kete upya, zake na za mwanangu.