Mabano na Wenye Maneno

Makala niliyopewa kuihakiki yahusu mahari ya Wasukuma, tangu kata ya Kambarage mjini Shinyanga hata vijiji vya wachimba dhahabu mkoani Geita. Mwandishi wake ni kijana mwenye jicho kali na Kiswahili safi, nami nimeisoma mara mbili kwa furaha. Lakini imo kasoro moja, nayo si ndogo kama ionekanavyo: mabano yake hayasemi kweli.

Si kwamba utaratibu haujui. Jina, mwaka, nukta mbili, ukurasa. Vyote vimepangwa sawasawa. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko wengi wadhanivyo, maana asili yake hutajwa kuwa makala ya Edward Laurens Mark, mwanazuoni wa wanyama wa Harvard, aliyoitoa mwaka 1881 juu ya konokono asiye na gamba. Faida yake ni kwamba msomaji huona papo hapo nani kasema, na lini. Katika makala hii hayo mawili ndiyo yaliyopotea.

Mathalan, mwandishi aeleza jinsi mzee mmoja wa Geita alivyomsimulia kwamba siku hizi sehemu ya mahari hutumwa kwa simu kutoka machimboni, na ng'ombe hufuata baadaye, kama wakifuata. Habari hii ni nzuri kabisa. Mwishoni mwa aya twasoma: (Cory 1953). Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alitoa kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka huo, akafariki mwaka 1962. Fedha za simu zilifika Tanzania mwaka 2008. Marehemu angaliyajuaje hayo?

Nadhani sababu naifahamu. Mzee hana kitabu, na kijana amechelea kuonekana ameegemea maneno ya barazani. Basi akaazima jina zito. Amesahau kwamba Cory naye aliyapata yake kwa kuwauliza wazee na watemi. Hivyo elimu ya Wasukuma yatoka kwa mzee, yazunguka, kisha yarejea Usukumani ikiwa na jina la mtu mwingine, na safari hii aliyeirudisha hivyo ni mwanafunzi wetu wenyewe.

Mwaka nao una kazi yake. Mwandishi asema baraza la mtemi “huamua” mashauri ya kurudisha ng'ombe, tena kwa mabano yale yale, ilhali utemi ulifutwa mwaka 1963. Aandikapo 1953, kitenzi nacho hakina budi kurudi nyuma: “liliamua”.

Aidha amemtaja Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kama shahidi wa desturi za ndoa za jirani, kwa mabano ya (Kitereza 1980). Huo ni mwaka wa kuchapwa kwa riwaya yake kwa Kiswahili. Kwa Kikerewe alikuwa ameimaliza mwaka 1945, naye alifariki mwaka 1981. Msomaji asiyejua hayo atadhani tumeletewa mtazamo wa mtu wa zama za Azimio la Arusha. Yapasa kuandikwa (Kitereza 1980 [1945]); ni tarakimu nne tu, lakini zarudisha miaka thelathini na mitano.

Kuhusu Shaaban Robert, kama aorodheshwe chini ya S au R, sina ugomvi, mradi asiwekwe pote pawili kama alivyowekwa humu.

Mzee wa Geita naye atajwe kwa jina, kijiji na tarehe ya mazungumzo, mabanoni na katika orodha, palepale walipo wenye vitabu. Akiwa hapendi kutajwa, apewe namba, na sababu ielezwe. Nimependekeza makala ichapwe, lakini kwanza mwandishi apande basi arudi Geita akamwulize.