Lupu Fupi Inazungushwa na Nani?

Lawama kwamba MIDI, ile lugha ambayo vinanda na sampla hutumia kuamrishana, inajikongoja si ngeni. F. Richard Moore aliitoa mwaka 1988 katika Computer Music Journal, kwenye makala yake "The Dysfunctions of MIDI". Wengi wanaoirudia leo huongeza sauti, si hoja. Kuhusu waya, nakubaliana naye. Ninachokataa ni kuihukumu lupu fupi bila kuuliza inazungushwa na nani.

Hesabu haina ubishi. Waya wa pini 5, uleule wa mwaka 1983, hupitisha biti 31,250 kwa sekunde (biti za kompyuta, si zile za prodyuza), moja nyuma ya nyingine. Kila baiti hutumia biti 10 njiani, na amri ya kuwasha noti ina baiti 3. Hiyo ni milisekunde 0.96.

Sasa chukua singeli, ambayo huweza kufika mapigo 300 kwa dakika. Pigo moja ni milisekunde 200, robo yake 50. Ndani ya hizo 50 amri zaidi ya hamsini zinapita, kwa hiyo anayesikia ukali wa singeli akasema mashine imezidiwa, atafute sababu kwingine. Kinachozidiwa hapo ni sikio. Lupu ya milisekunde 50 hurudi mara 20 kwa sekunde, na karibu na kasi hiyo tunaacha kusikia mapigo, tunaanza kusikia mvumo.

Fupisha hadi milisekunde 2, ukiwasha na kuzima noti kila mzunguko, na waya umejaa pomoni. Hezi 500 na ushee, jirani na B iliyo juu ya C ya kati, ndiyo dari. Upo ujanja wa kutorudia baiti ya kwanza, nao huipandisha dari hadi hezi 780 hivi, haiondoi. Tena hata chini ya dari kuna foleni: noti ya ngoma ikipita kwanza, amri ya lupu husubiri karibu milisekunde nzima. Kwenye pigo la singeli hakuna atakayegundua. Kwenye mzunguko wa milisekunde 2 ni karibu nusu yake, na mvumo unakwaruza.

Lakini sampla ikipewa amri moja tu, ikaachiwa izungushe yenyewe sampuli 100 kutoka kwenye kumbukumbu yake, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde utapata hezi 441, safi, waya ukiwa umelala. Hapo kuilaumu MIDI ni kumwonea.

Wengi huchagua njia hiyo ya pili, na kazi yao hutoka nadhifu. Mimi huvutiwa zaidi na ile ya kwanza. Katika mvumo unaosukumwa kwa amri, mkwaruzo ukitokea najua ngoma imepita mbele.