Menyu ya Chokoleti: Fani Tamu, Maudhui Mafichoni

Ndugu msomaji, usinicheke. Safari hii sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki menyu.

Tulikuwa wanne, Birmingham, Jumamosi saa nne usiku, kwenye mgahawa mmoja wa vitamutamu ambako kila kitu ni chokoleti: kuta rangi ya chokoleti, viti vivyo hivyo, na bomba linalomwaga chokoleti ya moto bila kupumzika. Migahawa ya namna hii imejaa mitaa ile. Wateja wengi ni vijana wa Kiislamu. Pombe hawanywi, lakini nao wanataka pa kukaa na kucheka usiku. Sisi tulikuwa tunamuaga mwenzetu, mtoto wa Kyela, anayerudi kushika shamba la marehemu baba yake. Shamba la kakao.

Fani kwanza. Ni kali, sikatai. Mtunzi wa menyu ile anajua vitenzi: chokoleti inatiririka, inayeyuka, inaikumbatia ndizi. Niliagiza ile keki ya chuma yenye vyumba-vyumba kama sega la nyuki, ikaja imezama, nikala mpaka nikalegeza mkanda. Kwa hiyo siandiki kwa kinyongo cha tumbo.

Tatizo ni maudhui. Neno Ubelgiji nililihesabu mara 11. Ghana haipo. Kodivaa haipo, na nchi hizo mbili ndizo zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Dada yetu wa Bukavu akainua kichwa: "Ubelgiji iko na miti ya kakao?" Tukacheka, kisha kicheko kikakatika. Ubelgiji waliyoisimulia wazee wake haikuwa ya chokoleti.

Na mji wenyewe una kumbukumbu zake. John Cadbury alifungua duka hapo mwaka 1824, akauza chai, kahawa na kakao ya kunywa, akiamini kama Waquaker wenzake kwamba vitawatoa watu kwenye ulevi. Wanawe wakajenga kiwanda Bournville, 1879. Mwaka 1909 kampuni ikaacha kununua kakao ya São Tomé kwa ajili ya utumwa wa mashambani kule, ingawa habari zilikuwa zimewafikia tangu 1901. Yaani chokoleti bila pombe si jambo jipya Birmingham. Wala kulinyamazia shamba.

Jamaa wa Kyela alikuwa kimya. Mwisho akasema: "Utotoni tulifyonza ule ute mweupe tu. Mbegu ni za mzee, ukitupa unachapwa. Zinafunikwa majani ya migomba siku tano, sita, zinavunda, ndipo zinaanikwa. Harufu yake wala si hii. Ni kama siki."

Mie nikaanza hotuba ya unyonyaji, si unajua sisi. Akanikata. "Kaka, acha. Hii kitu ni tamu. Mama ana miaka 60 na ushee, kachuma kakao maisha yake yote, hajawahi kuionja. Wewe unataka tuigomee, mimi nataka aile."

Nikanywea, maana nilikuwa nimeandaa hukumu nyingine kabisa. Sasa nadai kidogo zaidi, ila sidai kwa utani. Ukurasa wa mwisho wa menyu ile ile, kahawa imeandikwa kuwa inatoka Ethiopia. Kahawa ina kwao! Chokoleti, ambayo ndiyo iliyotuleta pale, haina. Kwa hiyo mtunzi anajua kutaja mahali, akipenda. Huo si usahaulifu, ni uteuzi, na mtunzi huulizwa juu ya uteuzi wake.

Mwenzetu alimuuliza binti wa mezani kakao yao inalimwa wapi. Maskini, akaenda jikoni, akarudi na mfuko mkubwa mtupu, tukausoma wote pale: umetengenezwa Ubelgiji. Akamshukuru. Kisha akanunua vipande viwili vya kumpelekea mama, akauliza kama vitafika Kyela bila kuyeyuka. Binti akauliza Kyela ni wapi. Dada wa Bukavu akamshauri avifunge ndani ya soksi, katikati ya nguo.